Kichupa cha Nuhu

Wachukuzi wa picha wana uongo wao mmoja ambao hawauhesabu kuwa uongo. Mtu ndiyo kwanza anashuka kwenye treni Makambako, milima yote bado iko mbele yake, simu inaita kutoka ofisini pwani: "Umefika?" Naye anajibu bila hata kukohoa, "Nimefika, nimefika, niko hapa hapa." Hana nia mbaya. Ndivyo tulivyo, hata aliye bafuni na sabuni kichwani hujibu kwamba yuko njiani.

Sekela Mwaikenda alijibu hivyo hivyo. Kwa neno lake hilo, msichana wa ofisini alichukua nakala ya tatu ya kichupa cha picha za marehemu Nuhu Mgaya, akaimwaga kwenye sinki na kufungulia maji ya moto. Hakukosea. Kanuni ya kazi ni nakala tatu, sehemu tatu: moja kwenye mkanda tumboni kwa mchukuzi, moja begini, moja inabaki ilikotoka mpaka mzigo ufike. Ukishafika, ya nyuma inamwagwa siku hiyo hiyo, kwa sababu sura ya mtu haiachwi kuzagaa.

Walioweka kanuni hiyo walikuwa wameshaumwa. Sura zilipoanza kuibwa hewani, watu walianza kupigiwa simu za video na ndugu zao waliokwisha kuzikwa, wakiitwa kwa majina ya utotoni na kuombwa namba za siri. Baada ya hapo hakuna mwenye akili timamu aliyerusha picha ya mtu wake angani. Picha zikarudi kusafiri kwa miguu, zimeandikwa ndani ya hamira hai, kila chembe imebeba kipande chake. Kichupa cha ukubwa wa kidole gumba kilitosha picha za maisha ya mtu, mradi kipate joto la tumbo na sukari kidogo kila siku.

Basi Sekela akapanda basi la milimani na uongo wake mdogo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mvua ilikuwa imeporomosha mlima juu ya barabara. Abiria walikwama Kitole, kijiji ambako Sekela aliwahi kuolewa, na ambacho asingekanyaga tena kama angekuwa na hiari. Begi lake lilibaki juu ya basi, baridi ya Kitole ikafanya kazi yake, na asubuhi akakuta kichupa cha begini kimepasuka, hamira imeganda vipandevipande kwenye nguo zake. Sasa Nuhu mzima aliyebaki duniani alikuwa kwenye mkanda tumboni kwake.

Na sukari ikaisha. Maduka ya Kitole yalikuwa matupu, magari hayapiti. Kichupa kilianza kufifia, kutoka rangi ya maziwa kuwa rangi ya maji ya mchele. Kitu pekee kitamu kilichokuwa kikitiririka kijiji kizima ni ulanzi mbichi, utomvu wa mianzi michanga, ambao kabla haujachacha hata watoto hunywa. Alikwenda kwenye mianzi ya wakwe zake wa zamani, kwa kuwa njia yake anaijua, akakinga kwenye mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia utomvu, akadondoshea kichupani. Ndani ya saa chache kikawa cheupe tena, chenye povu, chenye afya kuliko kilivyokuwa pwani. Alishukuru Mungu kwa sauti.

*

Sekela alimaliza njia kwa miguu. Mama Edina Mgaya, mama yake Nuhu, alikuwa akimsubiri nje, kwenye ukungu, amejifunga khanga mbili juu ya sweta.

"Kamwene, mwanangu. Umefika kweli, au wamenitumia kivuli?"

"Nimefika, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Pole na barabara."

"Pole na msiba, mama."

"Tumeshapoa. Ingia, moto upo."

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho ya kudadisi. Nuhu alikuwa mwanawe wa pekee. Alikwenda kutengeneza mitambo ya upepo katikati ya bahari, kusini ya mbali, hajaota hata ndevu, akawa kila mwaka anasema atakuja mwaka ujao. Akaja kwenye sanduku, limefungwa, na watu wa kampuni wakashauri lisifunguliwe. Kwa hiyo Mama Edina alimzika mtu ambaye hakumwona. Wenzake Nuhu walikusanya picha zake zote, wakaziandika hamirani, wakamtuma Sekela.

"Sijui hata alikuwa na uso gani," Mama Edina alisema, akimwekea mgeni kikombe cha ulanzi kwenye kigoda. "Kila nikimwota, yuko na kaptula ya shule."

Sekela alisema asante, akakiacha kikombe pale pale. Miaka miwili hakuwa amekunywa ulanzi. Alitoa kisomeo chake, kidude cha ukubwa wa redio ndogo, wakatundika shuka jeupe ukutani. Kisomeo hunyonya tone moja la hamira na kulisoma. Hulinganisha chembe na chembe, na palipokatika hujaza kwa kile kilicho karibu. Tone likishasomwa limekufa.

Picha ya kwanza ikatokea. Mwanamume mpana wa mabega, kofia ngumu ya rangi ya chungwa, anacheka na upepo umemkunja jicho.

Mama Edina aliinama mbele kuitazama. Halafu akasema, "Kanenepa."

"Ndiyo, mama."

"Nani alikuwa anampikia, huyu? Tazama shavu! Na mimi huku nalia, nasema mwanangu anashindia mkate." Alicheka huku machozi yakimshuka, akapiga paja. "Weka nyingine."

Nuhu na samaki mkubwa. Nuhu mezani na wenzake, wanagombea chapati. Nuhu kwenye kingo za jukwaa, bahari nyuma yake. Katika hiyo, pembeni, kulikuwa na mkono mdogo umeshika bomba la kingo. Sekela alidhani ni kasoro ya kusoma. Picha iliyofuata ikaleta mkono na bega, na sweta la kijani la shule ya msingi, kiwiko kimetiwa kiraka cha sufu ya kahawia.

Kiraka kile alikifuma yeye.

Picha iliyofuata ikaleta uso.

"Huyu nani?" Mama Edina aliuliza.

Sekela aliinuka akalisogelea shuka. Msichana wa miaka tisa hivi alikuwa amesimama kwenye jukwaa la chuma katikati ya bahari ambayo hakuwahi kuiona maishani mwake, kando ya mwanamume ambaye hakuwahi kukutana naye, na alikuwa akitazama mbele, moja kwa moja, namna alivyokuwa akimtazama mama yake anapochelewa kumfungulia mlango. Subilaga. Subi wake, aliyekufa kwa homa ya uti wa mgongo, aliyezikwa Kitole kwa baba yake.

Kitole wana desturi yao. Marehemu akitimiza mwaka, kichupa cha picha zake hakiendelei kulishwa. Ndugu hukifungua na kukimwaga kwenye mashina ya mianzi ya ukoo, mbele ya watu wote, na mfiwa haruhusiwi kubaki na nakala, asije akaishi akimlisha maiti sukari kila siku. Sekela alikuwa amemwaga cha Subi kwa mkono wake mwenyewe. Watengenezaji walisema hamira ikitoka kwenye kioo chake hufa. Kumbe walisema nusu. Kinachokufa ni mpangilio, ule uzi unaosema kipande hiki kinakaa wapi. Vipande vyenyewe vilibaki, vikapanda na utomvu, vikazoea mvua na jua na kuchachuka. Ndani ya ulanzi Subi alikuwa tonge la punje zisizosomeka. Lakini kwenye kichupa cha Nuhu zilikuta mpangilio mzima, nyumba ina milango na vitanda, zikaingia.

"Nimekuuliza, mwanangu. Huyu mtoto ni nani?"

"Ngoja nisome tena, mama. Kisomeo kimechoka."

Akasoma tone la pili. Subi alikuwa amesogea. Kwenye picha ya kofia alikuwapo sasa, ameshikwa mkono na Nuhu. Na mkono wa Nuhu ulikuwa umeinama kumfikia, kwa upole, kama umemshika mwaka mzima. Mezani alikuwa na chapati. Na shavu la Nuhu, lile lililomfurahisha mama yake, lilikuwa limefifia, unaona bahari kupitia kwake.

Mama Edina alikuwa amesimama, pua karibu na shuka. "Paji hili la uso ni la kwetu," alisema polepole. "Hili la baba yangu kabisa." Na kweli, chembe zilikuwa zimeanza kuchanganyika, na Subi alikuwa na paji la akina Mgaya. "Alinidanganya kwamba hajaoa. Mshenzi yule. Nina mjukuu!"

*

Sekela alimweleza nusu ya ukweli, ile iliyo rahisi kusema. Kwamba kichupa kimeingiliwa na hamira ngeni njiani, yenye nguvu kuliko ya mwanzo. Kwamba kila ikila, Nuhu anapungua na mtoto anaongezeka, na kesho kutwa hatabaki Nuhu wa kutazamwa. Kwamba ipo dawa ya kuosha: huua kila chembe isiyo na alama ya mtumaji. Ikitiwa leo, Nuhu atabaki na mtoto atatoweka.

"Gawa basi. Nusu kwenye kichupa kingine."

"Mpangilio unakufa ukiguswa na kioo kingine, mama. Walitengeneza hivyo makusudi, ili sisi wachukuzi tusiibe sura za watu. Tutapoteza wote wawili."

Mama Edina alikaa. Alichochea moto kwa kijiti, bila haja yoyote.

"Nuhu nimemzaa," alisema hatimaye. "Nimemwona akitambaa, nimemwona akiibia maharage jikoni. Na leo nimemwona mtu mzima, ana mashavu. Nimeshiba. Lakini huyu sijawahi kumwona, na pengine yuko mahali anahangaika bila baba. Nikiwa na sura yake nitamtafuta. Usioshe. Niachie mtoto."

Sekela alisema anakwenda nje kuvuta hewa.

Ukungu ulikuwa umemeza hata banda la kuku. Alisimama kando ya ukuta, mkono juu ya mkanda tumboni, na kichupa kilikuwa cha moto, kinachemka kwa afya. Hakutakiwa kufanya lolote. Hapo ndipo palipomtisha. Hakuna wa kumdanganya tena, mama wa watu alikuwa amejidanganya mwenyewe. Yeye anyamaze tu, aage vizuri, na mwanawe ataishi kwenye ukuta ule, atalishwa sukari na bibi mwenye upendo, atatazamwa kila asubuhi. Angeweza hata kuja kumtembelea. Angekuja na zawadi, angekaribishwa, angeketi kwenye kigoda amtazame Subi akiitwa kwa jina jingine. Alimtamani mtoto wake, na ninasema hivi bila kumpamba: kwa dakika kadhaa pale ukutani Sekela alikuwa amekwisha kuamua kunyamaza.

Kilichombadilisha ni kitu kidogo. Alimsikia Mama Edina ndani, akiongea na shuka.

"Usiogope," alikuwa akisema. "Bibi atakuja. Bibi ana nauli. Nitauza hata ng'ombe, nitakuja mpaka huko baharini."

*

"Mama, mtoto yule ni wangu."

Aliyasema akiwa bado mlangoni, maana angeingia asingeyasema. Akayamwaga yote: sukari iliyoisha, mianzi, mwaka wa Subi, begi lililoganda. Mwisho akafika kwenye nakala ya tatu.

"Ile ya ofisini walimwaga kwa sababu nilisema nimefika. Nilikuwa Makambako."

Mama Edina hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga.

"Kwa hiyo," alisema, "ulikuwa hapo nje unaniachia mwanao nimlee kwenye ukuta wangu, juu ya mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikauze ng'ombe nikamtafute nani?"

Sekela alipiga magoti. Mama Edina alimwacha pale pale chini, akaenda kusimama mbele ya shuka, mgongo umemwelekea mgeni, khanga zinapanda na kushuka. Kuni zikaungua zikakatika. Halafu akauliza bila kugeuka:

"Alikuwa anaitwaje?"

"Subilaga. Subi."

"Soma tena, tone moja la mwisho. Zote, polepole. Umtazame sawasawa, halafu uoshe. Mwenyewe. Mimi siwezi kumwua mtoto wa mtu, hata wa picha."

Wakatazama. Subi kwenye jukwaa, Subi na chapati, Subi na samaki mkubwa kuliko yeye. Kwenye moja alikuwa anacheka, na pengo la jino la mbele lilionekana, lile alilolitupa juu ya bati na kuomba jipya. Sekela alilia kwa sauti, jinsi ambavyo hakulia siku ya kumwaga, maana siku ile watu walikuwa wengi na wakwe walikuwa wakimwangalia. Mama Edina alimshika kiganja, hakumwachia, hakumbembeleza pia.

"Anacheka kama mjeuri," alisema.

"Alikuwa mjeuri, mama."

Dawa ya kuosha haina rangi. Aliitia. Povu likapanda mpaka shingoni mwa kichupa, likatulia, na maji yakawa membamba, tulivu. Walisubiri, kisha akasoma.

Nuhu alikuwa amerudi, shavu lake na jicho lake lililokunjwa na upepo. Bahari ilikuwa safi. Mezani kiti kimoja kilikuwa kitupu. Lakini pale zilipokuwa zimeshachanganyika chembe za huyu na za yule, dawa haikuwa na la kufanya. Katika picha ya kofia, Nuhu bado alikuwa ameinamisha mkono wake pembeni, vidole vimefumba kwa upole, ameshika hewa.

Mama Edina aliutazama mkono ule kwa muda mrefu. "Huo uache," alisema.

*

Kabla ya kuondoka Sekela aliombwa kazi nyingine, na hilo hakulitegemea. Mama Edina alikuwa na picha za maziko zilizopigwa na kijana wa kanisani: kaburi, mashada, wanakwaya wamejipanga, yeye mwenyewe katikati. Alitaka wenzake Nuhu kule baharini wazione, kwa kuwa hawakupata ruhusa ya kuja kuzika. Kisomeo huandika pia, ila picha za karatasi tu; kilichosomwa kutoka hamirani hakikiandiki upya, kwa hofu ile ile ya wizi. Sekela aliandika vichupa vitatu.

"Kimoja tumboni," Mama Edina alihesabu, kwani sasa alikuwa ameijua kanuni. "Kimoja begini, na begi usiliweke juu ya basi. Hiki cha tatu nakaa nacho mimi. Sikimwagi mpaka uniambie umefika. Kufika kwa kweli."

"Sawa, mama."

Akamletea sukari, nyingi, ameifunga kwenye kipande cha khanga. Akaishikilia bado.

"Njia ya kurudi inapita Kitole?"

"Inapita."

Hawakuhitaji kulitamka lile ambalo wote wawili walikuwa wameshaliona. Kichupa chochote chenye mpangilio ni nyumba. Utomvu wa Kitole unatiririka kila siku. Mchukuzi akitaka, anaweza kumpa mtoto wake makao mapya kila safari, harusini kwa huyu, ubatizoni kwa yule, na hakuna atakayejua msichana wa sweta la kijani ametoka wapi.

"Zunguka," Mama Edina alisema, akaiachia sukari.

Njia panda ziko chini ya mlima, penye kibao kilichopinda. Ya kushoto inakwenda Kitole, fupi, na ilikuwa imeshafunguliwa. Ya kulia inazunguka mlima mzima. Ukungu ulikuwa umelala juu ya zote mbili, na kutoka kushoto upepo ulileta harufu ya mianzi iliyokatwa, tamu, ya kuchachuka kidogo. Sekela alisimama. Kichupa kilikuwa na njaa. Alikihisi kinapoa tumboni. Simu ikaita.

"Umefika?" aliuliza Mama Edina.

Neno lilikuwa tayari mdomoni, kwa mazoea ya miaka yote. Sekela alilimeza.

"Sijafika, mama. Niko njia panda."

"Unasikia nini hapo?"

"Mianzi."

Upande wa pili kulikuwa na sauti ya moto, na ya kijiti kinachouchochea. Mama Edina hakukata simu. Sekela alifungua kipande cha khanga, akachota sukari, akailoweka na kukidondoshea kichupa tone baada ya tone, vidole vimekufa ganzi. Alipomaliza alikirudisha mkanda tumboni, akalipokeza begi bega la pili.

"Umeshika ipi?" Mama Edina aliuliza.

"Ile ndefu," alisema Sekela, na akaanza kutembea.